Ugonjwa wa kila wiki, mchango wa mara moja

Mama yangu mdogo ana daftari la shule. Mbele ameandika majina ya waliomchangia. Ukiligeuza, nyuma yapo majina ya wanaomdai. Kurasa za nyuma sasa zimezidi za mbele. Figo zake zilikufa, na huu ni mwaka wa tatu anavuka kivuko cha Likoni, Mombasa, mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu.

Nyumbani tumegawanyika. Mjomba anasema pesa ya SHA, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, afadhali iingie kwenye chama cha kuwekeana akiba mtaani, kwa sababu chama ukikihitaji kinatoa leo. Hasemi ovyo. Kuna asubuhi tulifika hospitali tukaambiwa mtandao wa bima umeanguka, tulipe taslimu. Mgonjwa wa figo haambiwi arudi kesho kutwa, maji yanamjaa mwilini. Tukakopa kwa simu palepale kwenye benchi. Halafu kuna malipo yenyewe. Enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA, asiye na mshahara alilipa 500 kila mwezi. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipoanza, anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mkupuo, na muuza mahamri haoni mwaka, anaona unga wa kesho. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo, lakini nao ni mkopo.

Hata hivyo, hesabu inamkataa mjomba. SHA imeweka shilingi 10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu. Mara mbili kwa wiki ni vikao 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Chama gani cha mtaani kitabeba hiyo? Kiwango cha chini cha bima ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Hata aliyekadiriwa zaidi ya hapo, bado hazikaribiani. Harambee iliundwa kwa msiba na ajali, jambo linalofika na kupita. Mwaka wa kwanza watu walituchangia kwa moyo. Mwaka huu kundi la WhatsApp liko kimya, na siwalaumu.

Lakini bima ikilipwa, deni halijaisha. Nilikaa na lile daftari nikapitia mstari kwa mstari: karibu madeni yote ni madogo madogo. Tuktuk 200. Sindano za kuongeza damu. Vipimo. Kivuko ni bure kwa anayekwenda kwa miguu, ila mtu aliyetoka kwenye mashine miguu haimbebi, kwa hiyo ni tuktuk upande huu na tuktuk upande wa pili. Hapo ndipo familia inapozama, na hapo ndipo mchango una kazi.

Ndiyo maana naona tuache kuchangia bili. Tuchangie bima ya mwaka na nauli, kidogo, kila mwezi. Kwa madeni yaliyopo, la simu litangulie kwa kuwa ada yake haingoji. Bili ya hospitali ya umma ipelekwe mapema kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Hali ya familia hupimwa na bili inaweza kupunguzwa au kusamehewa. Ndugu waje mwisho, ila waambiwe ukweli. Kinachovunja undugu ni kupigiwa simu usipokee.

Kuna gharama moja sikuiweka kwenye hesabu. Nilipomweleza mama mdogo mpango huu alinyamaza, akasema, "Sitaki niwe kodi ya watu, mwanangu." Mchango wa mara moja humwachia mtu heshima yake, wa kila mwezi humkumbusha. Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu anipe daftari.

Tumeanza watu saba, 300 kila mmoja, tarehe 5, kwenye simu ya binti yake. Jina la mjomba ni la pili.