Bresi haikamati propela

Jumamosi moja nililala chini ya gari la mpwa wangu kwenye gereji moja ya Industrial Area, tochi ya simu mkononi. Ni Subaru Impreza. Imeshushwa, ina turbo kubwa kuliko ile iliyozaliwa nayo, na chini yake imefungwa bresi nne, vyuma vya kukaza mwili wa gari, rangi nyekundu. Kilichomleta ni mtetemo. Ulikuwa ukianza akifika kilomita 80 kwa saa pale Thika Road, na unatulia akitoa mguu kwenye mafuta. Alidhani ni magurudumu, na alikuwa ameshayabalansi mara mbili.

Kwenye bresi ya katikati, ile inayokatiza chini ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma), rangi ilikuwa imetoka kwa mstari mmoja mwembamba, chuma kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Bresi yenyewe ilikuwa imejipinda kwenda juu. Hiyo ni kazi ya matuta. Fundi akaishika propela kwa mikono miwili, akaisukuma, ikapanda na kushuka. Mpira wa senta beringi, ile inayoishikilia propela katikati, ulikuwa umechanika karibu wote.

"Mkubwa, hii haingefika mbali," akaniambia.

Mpwa wangu akaniangalia. "Lakini mjomba, ikikatika, si bresi ingeikamata?"

Haingeikamata, ingawa nimegundua vijana wengi wanaamini ingeikamata. Gari kama hili halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu, nguzo na paa ndivyo mwili wote, na mwili huo hujipinda kidogo gari linapokata kona kwa kasi. Bresi inaunganisha sehemu mbili za mwili huo ili zisicheze, na kwa kazi hiyo inafaa kweli; gari linageuka vizuri zaidi. Lakini ni chuma kilichotengenezwa kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake, kimeshikwa na bolti chache. Hakikutengenezwa kupigwa kutoka juu.

Tupige hesabu ya kipigo chenyewe. Gurudumu la gari hili likizunguka mara moja hutembea karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni mizunguko 833 kwa dakika. Difu, gia za nyuma zinazogeuza magurudumu, ikiwa ya 4.11, yaani propela huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, propela inazunguka zaidi ya mara 3,400 kwa dakika, yaani kama mara 57 kila sekunde. Kwa 180 inapita 6,000. Ikikatika kwenye krosi, kile kiungo chake kinachojikunja, haianguki tu ikalala barabarani. Inapiga huku na huku kama mchi uliopoteza kinu, na juu yake ni sakafu ya bati jembamba, yenye watu. Mabomba ya breki na ya petroli yamepita hapo hapo chini. Ncha ya mbele ikichomoka na kuchimba lami, gari linaweza kuinuliwa.

Kinachokamata ni kitanzi, chuma kinachoizunguka propela pande zote. Chama cha mbio za drag cha Marekani, NHRA, kinalidai jambo hili kwa magari yenye kasi: chuma bapa kizungukacho nyuzi 360, unene usiopungua robo inchi, upana inchi 2, kikae ndani ya inchi 6 kutoka krosi ya mbele. Propela ya Impreza ina vipande viwili, kwa hiyo mimi ningefunga vitanzi viwili. Na visichomelewe ovyo kwenye sakafu, kwa maana bati lile likipata moto mwingi huungua kinga yake, kutu inaingia, na siku ya kipigo kitanzi kinang'oka na kipande cha sakafu.

Kuna wanaosema kulishusha gari ndiko kuliharibu propela. Kwa Subaru si hivyo. Difu ya nyuma imefungwa kwenye bodi, haipandi na kushuka na magurudumu, kwa hiyo pembe ya propela inabaki ile ile. Zinazoteseka ni shafti za magurudumu. Kushusha kulichangia kwa njia nyingine: kulileta bresi karibu na tuta, tuta likaisukuma bresi hadi kwenye propela.

Inaniuma kuona pesa ya kwanza ikienda kwenye ekzosi na turbo, na propela ya gari lililotembea miaka ishirini ikiachiwa nguvu mpya bila hata kuguswa kwa mkono. Kuishika na kuitikisa ni kazi ya dakika mbili, gari likiwa juu ya steni, vile vyuma vya kulishikilia, si juu ya jeki peke yake.

Beringi imebadilishwa. Kabla ya kuifungua propela, fundi alitia nukta za rangi nyeupe kila kiungo ili irudi jinsi ilivyotoka, kisha ikapelekwa kubalansiwa. Mtetemo umeisha. Bresi ya katikati iko stoo kwangu, na mpwa wangu hunipigia kila jioni kuiulizia. Namjibu kwamba itarudi vitanzi vikishafungwa.