Siku niliyowaongoza wazungu kuingia shimoni

Mimi kazi yangu ni kuosha masufuria kwenye meli ya watalii, na siku hiyo tulitia nanga Cartagena, Kolombia, tukapewa masaa matano ya kushuka. Mimi na jamaa yangu wa Tanga moja kwa moja ngome ya San Felipe, maana imekalia kilima pale huwezi kuikosa. Mlangoni wamejaa watembeza watalii wanataka dola. Jamaa akaniuliza tuchukue mmoja? Nikamcheka. Babangu, mimi mtoto wa Mombasa, Fort Jesus nimecheza kibe tangu sijaota meno ya pili, ngome niambiwe nini mimi? Mreno, Mhispania, wote si wamoja tu, ukuta na mizinga.

Sasa makosa yangu yalikuwa mawili. Nilivaa tisheti ya kazi yenye nembo ya meli, na lile jua la kuchemsha ubongo likanifanya nifungue mwavuli, mwekundu.

Chini ya ngome kuna sanamu ya mzee mmoja, mguu wa mti, mkono hana, jicho limeenda. Nikaanza kumpa jamaa maelezo, tena kwa Kiingereza maana nilitaka kumringia: huyu alikuwa haramia, alikuja kuiba dhahabu, na kila akija wenyeji wanamkata kipande. Huoni? Alikuja mara tatu. Kugeuka hivi, wazee wa kizungu kama 12 wa meli yetu wamejipanga nyuma ya mwavuli wangu na bibi mmoja anaandika kwenye daftari. Anaandika!

Ningesema ukweli pale pale yangeisha. Lakini wallahi ule utamu wa kusikilizwa, mtu wa masufuria mimi, nikainua mwavuli juu nikasema folo mi.

Nikawaingiza kwenye mahandaki. Membamba, giza, yanashuka tu, na sisi tunashuka tu, mara mbele maji. Nageuka, njia zote zafanana. Simu mtandao hamna. Babu mmoja akaniuliza kwa upole kama kuna mlango wa kutokea, nikamwambia askari wa zamani hawakuwa watu wa milango. Hapo hapo tone la maji baridi likanidondokea shingoni, nikapiga ukemi MAMA YANGU WEEE TUTAFIA HUKU MIMI MUOSHA SUFURIA TU!

Kitu ambacho sikujua, yale mahandaki yalijengwa makusudi sauti isafiri, ili askari asikie nyayo za adui kabla hajafika. Nyayo, sembuse mimi. Haikupita muda akaja mama mmoja mtembeza watalii na tochi, anacheka mpaka kajishika ukuta, akatutoa kwa dakika mbili.

Nje akatusimamisha mbele ya sanamu ileile, akaanza historia upya, na yule bibi wa daftari anafuta, ananitazama, anafuta. Kumbe yule mzee ni Blas de Lezo, ndiye aliyeulinda mji! Mguu, jicho na mkono aliviacha vitani huko Ulaya kabla hajafika miaka 26. Mwaka 1741 akaja Mwingereza, Vernon, na meli 186, Lezo anazo sita. Waingereza wakafika mpaka ukutani usiku, kumbe ngazi walizobeba fupi, hazifiki juu, na homa ya manjano ikawamaliza wengi. Huku kwao washachonga medali za ushindi mapema, Lezo kapigishwa magoti mbele ya Vernon. Jamaa wa Tanga akauliza, mguu wa mti anaupigishaje goti? Swali zuri lakini mimi nilikuwa sijibu maswali tena.

Nikadhani yameisha. Usiku jikoni jamaa kashahadithia kila mtu na jina nimepewa, Tua Gaidi, halafu likafupishwa likabaki Gaidi, nami nikawa naitika tu. Mkataba ukaisha, tukatua Mombasa, yeye aunge basi la Tanga. Niko zangu foleni ya pasipoti, jamaa yuko nyuma huko, akapayuka kwa sauti ya handaki: "Weee Gaidi! Ningoje basi!"

Foleni nzima ikanyamaza.

Nilieleza kisa chote mbele ya askari watatu, saa moja na nusu, na kila nikimaliza ananiambia mmoja, hebu rudia pale kwenye tone la maji.