Tembe za Vitamini na Kinga ya Mwenye Kisukari

Katika maduka mengi ya dawa katikati ya jiji la Nairobi, mwenye kisukari aliyefuata metformini yake, dawa ya kushusha sukari, huonyeshwa pia kichupa cha vitamini "cha kuongeza kinga". Wazo hilo lina msingi. Sukari inapokaa juu katika damu kwa muda mrefu, neutrofili, yaani zile seli nyeupe zinazowahi kidondani kabla ya nyingine, huwa nzito kusafiri na dhaifu katika kumeza bakteria. Vitamini D nayo ina vipokezi katika seli za kinga, na huzichochea zitengeneze kathelisidini, protini ndogo inayoua vijidudu, kikiwemo kile cha kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama zaidi wenye kisukari.

Ningekubaliana na watetezi wa tembe kama seli ya maabara ingekuwa ndiyo mgonjwa. Utafiti wa D2d wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia watu wazima 2,423 waliokuwa karibu kupata kisukari; waliomeza vizio 4,000 vya vitamini D kila siku hawakuepuka ugonjwa kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa. Nchini Mongolia, mwaka 2020, majaribio kwa watoto wa shule zaidi ya 8,000, wengi wao wakiwa na upungufu wa vitamini hiyo, hayakuonyesha kwamba iliwakinga na maambukizi ya kifua kikuu. Ni kweli kwamba hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari, lakini mwenye kuuza ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Ninachokitetea bila kusita ni vitamini B12. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza ufyonzaji wake tumboni, na upungufu huo huleta ganzi miguuni inayofanana mno na ile ya kisukari chenyewe, hata mgonjwa akaambiwa ni sukari tu. Hapo kipimo cha damu kina thamani kuliko kichupa chochote.

Vitamini C kwa wingi, kwa upande mwingine, inaweza kuzipotosha baadhi ya mashine za kupimia sukari nyumbani, zikaonyesha kiwango kisicho cha kweli, na mtu akajidunga insulini asiyoihitaji. Isitoshe, sukuma wiki na mapera ya sokoni tayari yanayo, tena kwa bei ambayo bado humwachia mgonjwa hela za vijiti vya kupimia.