Leseni ya muziki kwa kinyozi: pesa hufika kwa nani?

Ingia kwa kinyozi yeyote pale Umoja au Kayole, mitaa ya Nairobi: mashine haijagusa kichwa na spika tayari inanguruma. Nyimbo zimetoka kwenye flashi iliyojazwa na kijana wa duka la simu kule River Road. Siku watu wa vyama vya hakimiliki wanapobisha hodi kudai ada ya leseni ya kupiga muziki hadharani, jibu huwa lile lile: "Hizi nyimbo nilizilipia."

Jibu hilo halisimami. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuwa na wimbo ni jambo moja, kuupigia wateja ni jingine. Hata redio haikuokoi, maana kituo kimelipia kurusha matangazo, hakikulipia biashara yako. Spotify nayo inaruhusu matumizi ya binafsi tu. Tena, na hili wengi hawalijui, leseni ya kupiga muziki hadharani haihalalishi nakala iliyo kwenye flashi. Kunakili ni haki nyingine kabisa. Unaweza kubandika cheti ukutani na bado spika ikawa inapiga nyimbo za wizi.

Lakini mwenye duka naye ana lake. Ada hupangwa kwa aina na ukubwa wa biashara, si kwa nyimbo zilizopigwa. Hakuna anayeandika kwamba Jumamosi ile ilikuwa benga mchana kutwa na gengetone jioni, kwa hiyo mgao wa mirabaha, yaani malipo ya wasanii kwa kazi zao kutumika, ni wa kukadiria. Wanamuziki wenyewe wamelalamikia vijisenti wanavyopata miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2021 KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki, ilivifutia leseni vyama vyote vitatu vilivyokuwa vikikusanya ada hizo: MCSK cha watunzi, KAMP cha maprodyuza na PRISK cha waimbaji na wapigaji. Kinyozi angejuaje amlipe nani?

Mimi bado nasema alipe. Anayedai muziki hauna faida kwake na auzime wiki moja, aone vijana watakavyohamia kwa jirani. Ila anayekuja kudai ada, badala ya kutishia kubeba runinga ya mtu, aje na orodha ya nyimbo zilizolipiwa mwaka uliopita na kiasi alichopata kila msanii. Wapo wanaopiga nyimbo kutoka kwenye simu badala ya flashi, na programu nyingi za muziki huweka kumbukumbu ya nyimbo zilizopigwa. Kazi ya kuhesabu si ngumu kama tunavyoambiwa.