Kiziwi, simu ya bei ya nini?

Mpwa wangu ni kiziwi tangu utotoni, na ni fundi wa madirisha ya alumini. Mwaka jana alitaka kununua simu, na kabla hajafika dukani kikao cha ukoo kilishakaa bila yeye. Dada yangu, mama yake mzazi, ndiye aliyefunga mjadala: "Hasikii. Simu ya laki tatu na nusu ya nini? Kitochi kinamtosha, atatuma meseji." Hakuwa anatania, wala hakuwa na roho mbaya. Alipiga hesabu ambayo wengi wetu huipiga: simu ni kusema na kusikia, asiyesikia anaitumia nusu, basi alipie nusu. Hela yenyewe ilikuwa ya kijana, lakini hilo halikutajwa.

Hoja ya kitochi si ya kubezwa. Kitochi kinakaa na chaji siku nne, tano. Kikianguka kutoka kwenye ngazi ya fundi unakiokota, unakifuta vumbi. Kina mtetemo unaousikia pajani hata kama masikio hayafanyi kazi. Huduma za kutuma na kupokea pesa, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, zinakwenda kwa menyu ya maandishi, kwa hiyo kiziwi anapokea ujira wake, analipa umeme na kumtumia mama yake bila mkalimani. Si jambo dogo. Simu ya Alexander Graham Bell ilipata hataza mwaka 1876, na Bell mwenyewe mama yake na mkewe walikuwa viziwi, lakini viziwi walikaa nje ya simu karibu miaka tisini. Mwaka 1964 mwanafizikia mmoja wa Marekani, Robert Weitbrecht, yeye mwenyewe kiziwi, ndiye aliyepata namna ya kupitisha maandishi ya teleprinta, mashine ya kuchapa ujumbe unaotoka mbali, kwenye waya wa simu. Mashine ile kwetu wengi hatukuiona hata kwa macho. Kilichotufikia ni meseji, na meseji ikaja ndani ya kitochi. Anayekitetea anatetea kitu kilichowahi kuwakomboa watu.

Ila meseji inaandikwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo hesabu ya dada yangu inapoharibika.

Lugha ya alama si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake: mahali unapoweka mkono, uso unavyobadilika, mwelekeo wa kitendo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, vyote vinabeba maana. Kenya iliitaja lugha yake ya alama kwenye Katiba ya 2010 na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Sasa mchukue mtu ambaye hiyo ndiyo lugha anayoota nayo, umwambie aandike "sitakukopesha". Neno moja, ndani yake mna nani, lini, kwa nani na kukataa juu yake. Wewe ulilisikia mara elfu kabla hujalisoma. Yeye hakuwahi kulisikia, alikutana nalo ubaoni, na mara nyingi aliufikia ubao huo kwa kuchelewa. Mpwa wangu huandika hivi: "Mimi kesho kuja nyumbani wewe." Kwenye kundi la familia watu huweka vikaragosi vya kucheka. Mtazame akiwa na wenzake viziwi Jumapili jioni, anavyosimulia mgomvi aliyekataa kulipa dirisha, na namna anavyomwigiza mpaka watu wanashika mbavu, halafu uniambie nani ana upungufu wa lugha.

Kumwambia atosheke na meseji, basi, ni kumwambia aishi maisha yake yote ya simu kwa lugha ya pili. Na hata huko kwenye maandishi tumemkimbia. Kundi letu la familia siku hizi ni sauti tupu: shangazi anarekodi dakika tatu, mjomba anajibu kwa dakika mbili, msiba unatangazwa kwa sauti, mchango unahimizwa kwa sauti. Kijana anaona mistari midogo ya mawimbi na jina la aliyetuma, basi.

Kwa hiyo kwa kiziwi anayezungumza kwa alama, kamera ya mbele ndiyo mdomo, na kioo ndicho sikio. Ukilikubali hilo, swali la simu gani linabadilika kabisa, na linakuwa la kiufundi kuliko wauzaji wanavyodhani.

Mwaka 1999 Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilitoa mwongozo kuhusu video inayofaa kwa lugha ya alama. Kipimo chake kikubwa hakikuwa ukali wa picha. Kilikuwa idadi ya picha kwa sekunde. Picha 25 ndizo zinazopendekezwa, 20 bado mazungumzo yanakwenda vizuri, ukishuka kwenye 12 unaanza kuhangaika, na chini ya 8 haifai kitu. Ukubwa wa picha waliouona unatosha ulikuwa nukta 352 kwa 288, kiasi ambacho leo hata simu ya bei ya chini inakipita bila kutoka jasho. Nimezitafakari namba hizi mara nyingi, kwa sababu zinapindua tangazo zima la simu. Boksi linapiga kelele kuhusu megapikseli. Hakuna boksi linaloandika kamera ya mbele inatoa picha ngapi kwa sekunde saa mbili usiku, chini ya balbu moja ya sebuleni.

Na hapo ndipo simu ya bei poa inapofeli. Kamera ikikosa mwanga, inaacha tundu lake wazi kwa muda mrefu zaidi ili kila picha ipate nuru ya kutosha. Muda huo lazima utoke mahali, na unatoka kwenye idadi ya picha. Kamera iliyokuwa ikitoa 30 mchana inateremka 15, wakati mwingine chini ya hapo, na kila picha inayobaki ina mkono uliovurugika kama rangi iliyopigwa kidole kabla haijakauka. Kwa sisi tunaoongea, uso wa mwenzio ukiganda kidogo si neno, maneno yanaendelea kuja. Kwa kiziwi, picha iliyopotea ni silabi iliyopotea. Vibaya zaidi ni pale anapotaja jina la mtu au la dawa kwa herufi za vidole, kwa maana vidole hukimbia, na herufi mbili zikimezwa katikati jina linakuwa la mtu mwingine. Umeme ukikatika ndiyo mwisho wa mazungumzo. Mikono yetu nayo ni myeusi na usiku ni mweusi, na mpwa wangu alishajifunza kutovaa fulana nyeusi siku ya kupiga simu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuchagua shati kwa ajili ya simu.

Mwenye shaka ana jibu zuri hapa, na nalikubali nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kwenye mradi wao wa MobileASL, walionyesha kwamba alama zinaeleweka hata kwenye video nyembamba sana, kiasi cha kilobiti 30 kwa sekunde. Siri yao ilikuwa kujua kwamba mtazamaji wa lugha ya alama hukaza macho usoni kwa mwenzake, mikono akiipata kwa pembeni, hivyo waliupa uso na mikono sehemu kubwa ya data na ukuta wa nyuma wakauacha uwe na ukungu. Kwa maana hiyo si lazima simu ya bei mbaya? Si lazima, kama ungekuwa na programu yao. Lakini sisi tunapiga video kwa programu zilezile anazotumia shangazi, ambazo mtandao ukilegea zinaufifisha mkono sawasawa na pazia.

Hoja nzito kweli dhidi yangu ni bando. Fanya hesabu: video ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida tu, inakula karibu megabaiti 225 kwa saa. Sauti ya simu ya kawaida inahitaji kilobiti 12 hivi kwa sekunde. Kusema jambo lilelile, kiziwi anapitisha data mara arobaini ya yule anayesikia. Tena vifurushi vyetu vingi huuzwa kwa mchanganyiko, dakika kadhaa, meseji kadhaa, na megabaiti kidogo. Dakika zile analipia kila wiki wala hawezi kuzitumia hata moja. Anayesema "mnampa simu asiyoweza kuilisha" hajasema uongo. Ninachokataa ni yeye kuitoa hoja hiyo kama sababu ya kumnyima simu, wakati ni sababu ya kumuuliza muuza vifurushi kwa nini hana kifurushi kisicho na dakika.

Hadi hapa nimemzungumzia kiziwi wa alama tu. Mtu mwenye usikivu hafifu ni habari nyingine kabisa, na watu wanapowachanganya hawa wawili wote wanaumia. Mzee wa miaka sabini anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, hajui alama hata moja na hataki kujua. Anataka kumsikia mjukuu wake. Kwa huyu utadhani kitochi kinashinda: vitufe vikubwa, sauti kubwa, basi.

Kumbe hapa ndipo kinaposhindwa vibaya zaidi. Kumbuka ule mlio wa redioni, tri-ti-ti tri-ti-ti, sekunde chache kabla meseji haijaingia kwenye simu iliyo karibu. Simu za 2G, na vitochi vingi ni vya 2G, hazirushi mawimbi mfululizo, zinayarusha kwa vishindo, vishindo 217 kila sekunde, na kila kifaa kidogo chenye kikuza sauti kilicho karibu kinavigeuza kuwa mngurumo. Shimesikio ni kikuza sauti, na simu imebandikwa pembeni yake kabisa. Kwenye masafa ya megahezi 900, simu ya 2G inaweza kufika wati 2 kwa kishindo kimoja. Za 3G na 4G huishia kwenye robo ya wati. Na simu huongeza nguvu kadiri mnara unavyokuwa mbali, kwa hiyo anayeunguruma zaidi ni mzee wa kijijini, yuleyule tunayemwambia kitochi kinamfaa. Anaisogeza simu, anaizima, anasema mashine ya daktari mbovu. Marekani simu zilipimwa kwa miaka mingi kwa alama ya M, kuanzia 1 hadi 4, kuonyesha utulivu wake karibu na shimesikio, na alama ya T kwa namna zinavyopatana na shimesikio lenye swichi ya koili, waya mdogo unaonasa sauti ya simu kwa sumaku. M3 na T3 ndipo panapoanza kufaa. Kwetu sijawahi kuona muuzaji anayezijua. Kwa hiyo nenda na mzee dukani na shimesikio lake sikioni, piga simu ya kweli, na mwonyeshe kwamba simu haikai kwenye tundu la sikio. Aina ile ya nyuma ya sikio maikrofoni yake iko juu, kwenye ukingo, na huko ndiko spika ya simu inapotakiwa iwe.

Wazee wenye shimesikio nao ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila watu 100 ambao kifaa hicho kingewasaidia, 83 hawakitumii. Kwa hao simu janja inaweza kuwa kitu cha karibu zaidi na shimesikio watakachowahi kukishika: kuna programu za kukuza sauti kupitia spika za masikioni, kuna mpangilio wa kuunganisha sauti ya pande zote mbili iingie kwenye sikio moja lililo zima, na kuna maandishi ya papo kwa papo. Google walianza kuandika Kiswahili kinachosemwa mwaka 2017, na programu yao ya kuandika mazungumzo ikatoka 2019. Nimeijaribu kwa mama yangu. Kiswahili cha msoma taarifa ya habari inakinasa vizuri mno. Kiswahili cha kijiweni, au jina la mtu wa Newala, inatunga cha kwake. Nayo inadai bando.

Mpwa wangu alikwenda Kariakoo peke yake. Alimwomba muuzaji, kwa kuandika kwenye karatasi, azime taa ya duka, akajirekodi kwa kamera ya mbele akitaja jina lake kwa vidole, akairudisha taratibu kuhesabu herufi. Simu tatu zikala herufi. Ya nne haikula, na haikuwa ya bei ya juu kuliko zote. Kitochi hakukitupa, anacho mfukoni kwa ajili ya pesa na siku za giza. Na zile dakika za kwenye kifurushi wanazipiga wenzake pale karakana: mmoja anaazima simu kumpigia mteja, na jioni naye anamrushia mpwa wangu intaneti.