Je, Makapu ya Cape Horn Yalikuwepo? Historia ya Wachina wa Marekani Katika Vitabu vya Watoto

Kuna picha inayojirudia katika vitabu vya watoto vya Marekani kuhusu Wachina waliojenga reli. Mtu yumo ndani ya kapu lililofungwa kamba, ananing'inia kwenye jabali, anatia baruti kwenye tundu la mwamba, anawasha utambi, kisha wenzake wanamvuta juu mbio mbio. Mtoto akishaiona haimtoki. Mahali panapotajwa ni Cape Horn, California, ambako Central Pacific, kampuni iliyojenga reli kutoka California kuelekea mashariki, ilichonga njia yake mnamo 1865 na 1866.

Shida ni kwamba kapu lenyewe halina shahidi. Maandishi ya miaka ile yanazungumzia watu walioshikiliwa kwa kamba. Makapu yanaibuka baadaye, katika vitabu vya karne ya 20. Isitoshe, Cape Horn ni mteremko mkali, si ukuta uliosimama wima, na kapu likishushwa pale litaburuzika tu juu ya mawe. Wapo wanahistoria wa reli wanaosema wazi kwamba ni hadithi ya kutungwa.

Wanaolitetea kapu nao wana hoja nzito. Wachina waliofanya kazi kwenye reli ile wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 20,000, na kuna wakati walikaribia asilimia 90 ya nguvukazi ya kampuni. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wametafuta kwa miaka bila kupata barua wala shajara hata moja iliyoandikwa na wajenzi hao. Kilichobaki ni daftari za mishahara, taarifa za mabosi, na magazeti ambayo mara nyingi yaliwadharau. Ukimwambia mchoraji achore kilichoandikwa tu, umemkabidhi macho ya mwajiri. Masimulizi ya wajukuu yana haki ya kusikilizwa.

Yasikilizwe, lakini masimulizi hutunza hofu na misiba vizuri kuliko yanavyotunza vifaa. Kamba na baruti zina ushahidi, na zinatosha kabisa kumsisimua msomaji wa miaka saba. Kapu mimi ningeliacha.

Ila kapu si kosa kubwa. Juni 1867, maelfu ya Wachina waliweka zana chini kwenye milima ya Sierra Nevada wakidai dola 40 kwa mwezi na saa chache za kazi, hasa ndani ya mahandaki. Charles Crocker, mmoja wa wakuu wa kampuni, aliwakatia chakula, na baada ya wiki moja hivi mgomo ukaisha. Sasa chukua kitabu ambacho kofia ni sahihi, msuko wa nywele mgongoni ni sahihi, hata vipipa vya chai waliyokunywa badala ya maji machafu vimechorwa sawasawa, lakini mgomo haumo. Mchina anabaki kuwa mtu mpole, mvumilivu, mchapakazi asiye na neno. Mkaguzi wa mavazi atakipa alama zote, na bado kitakuwa kimemdanganya mtoto kuliko kapu lolote.

Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili, ile ya Central Pacific na ile iliyotoka mashariki, zilikutana Promontory Summit, Utah. Katika picha maarufu ya siku hiyo Wachina hawaonekani waziwazi, ingawa walikuwepo na ndio waliotandika reli ya mwisho. Mchoraji anayewaleta mbele ya umati haongopi. Anarekebisha alichokiacha mpiga picha.

Panapohitaji ujasiri zaidi ni Angel Island, kituo cha uhamiaji katika ghuba ya San Francisco kuanzia 1910 hadi 1940. Moto uliofuata tetemeko la San Francisco la 1906 uliteketeza rekodi za kuzaliwa, hivyo Mchina aliweza kudai kuwa ni raia aliyezaliwa Marekani na kwamba ana wana China, na wengi wakaingia Marekani kwa hati za kuwa wana wa watu wasio baba zao. Ili kuwanasa, maofisa wakawahoji: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Waandishi wengine hukwepa shujaa anayesema uongo, wakamchagua mtoto wa kweli wa baba wa kweli. Hao nao walikuwepo, na walilazimika kukariri majibu vilevile. Lakini Tyrus Wong, aliyekuja kuchora mandhari za filamu ya katuni ya Bambi, alifika mwaka 1920 akiwa bado mtoto, na hati zenye jina lisilo lake. Sioni kwa nini mtoto afichwe hilo.

Wachapishaji husukuma maelezo ya sheria kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Mzazi anayesoma saa ya kulala hafiki huko. Yaingie kwenye hadithi yenyewe: kwamba sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, ikadumu hadi 1943, na ndiyo sababu mvulana wa hadithi anakariri ngazi za nyumba ambayo hajawahi kuishi.