Si Kufu Yake

Binti yangu ana miaka 15, na mwaka huu skuli wamempa mchezo wa Shakespeare, ule wa Myahudi aliyedai ratili ya nyama. Tunakaa Leicester. Nyumba yetu ndogo, meza ya kulia ndiyo meza ya kusomea, kwa hiyo yeye akisoma kwa sauti mimi nakaanga samaki na kusikiliza. Siku ya kwanza nikajitia ujuzi. Nikamwambia mchezo huo naujua, tuliucheza Wete, kwetu Pemba, yeye hajazaliwa, tena kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere mwenyewe: Mabepari wa Venisi, kitabu cha mwaka 1969.

Akaniuliza, "Kwa nini mabepari, baba? Huku ni mfanyabiashara tu."

Sikuwahi kulifikiria. Mwaka 1969 Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili, na bepari lilikuwa tusi la nchi nzima. Nasi skuli tuliusoma mchezo hivyo hivyo. Mwalimu alieleza riba, akaeleza unyonyaji, kengele ikalia. Kwamba Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, alitemewa mate ndevuni na kuitwa mbwa, na kwamba aliyemtemea ndiye huyo huyo aliyekuja kumkopa dukati 3,000 huku akimwambia atamtemea tena, hapo tulipita mbio. Mtoto aliyecheza Shylock tulimfundisha aseme Kiswahili cha Mhindi wa duka, wale waliowakopesha babu zetu pesa kwa rehani ya mikarafuu. Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka nikafuta machozi. Mwalimu hakutuagiza. Tulitaka mtu wa kuchekwa, na pa kumpata tulipajua wenyewe.

Waingereza waliokuwa wakimzomea Shylock jukwaani zama hizo wengi wao hawakuwahi kuishi jirani na Myahudi. Mfalme wao aliwafukuza Mayahudi wote nchini mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1650; mchezo ukaandikwa hapo katikati, mwishoni mwa miaka ya 1590. Yaani watu walimjua vizuri sana mtu wasiyemjua. Nikicheka hilo inabidi nikumbuke kuwa Wete nilizijua tabia zote za watu wa bara kabla sijapanda boti hata ya kwenda Unguja.

Unguja nako nilipofika nikakuta wenyewe wananijua mimi. Mpemba bahili, Mpemba ana vyake vya usiku, usimpangishe Mpemba chumba kimoja, kesho ataleta ukoo. Nilipanga Miembeni, upande wa Ng'ambo, na jina hilo peke yake ni darasa. Zamani kulikuwa na mkono wa bahari unaokata mji pale Darajani. Huku majumba ya mawe ya wenye majina, kule vibanda vya udongo vya watumwa, walioachwa huru na wachukuzi. Kule kukaitwa ng'ambo. Maji yamefukiwa, barabara imepita juu yake, jina limebaki. Basi mimi niliishi Ng'ambo kabla sijafika ng'ambo.

Na ng'ambo hii ya pili mnataka niwahadithie, najua, maana kila nikirudi naulizwa, "Huko wazungu hawakubagui?" Wanabagua. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Bibi mmoja, siku ya kwanza nimeingia na beseni na taulo kumuogesha, alinitazama kwa upole kabisa akauliza, "Hakuna mwengine?" Meneja akaandika kwenye daftari, akaniita ofisini, akaniuliza kama nataka kulalamika rasmi. Nikasema mwanamke mwenyewe ana miaka 91. Zamu yangu ikahamishwa ghorofa ya juu, yakaisha. Sheria wanayo tangu mwaka 1965, na ile kubwa ya 2010 imekusanya rangi, dini, ulemavu, umri na mengine. Haikumfanya yule bibi anitake. Lakini lile jambo liliandikwa, likapewa jina na tarehe, wala hakuna aliyeniambia ule ni mzaha tu, mbona unakasirika upesi.

Kwetu ubaguzi ni mzaha. Ndiyo tafauti kubwa ninayoiona, nami sisemi wapi ni afadhali.

Mwaka juzi nilirudi kumalizia ukuta wa nyumba ya mama. Fundi alikuwa kijana wa Tabora, Mwislamu, kazi yake safi, anapiga pima maji kila tofali la tatu. Adhuhuri huacha mwiko akatia udhu. Pale kando ya bomba palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha plastiki cha kijani, kimepauka, ukingo umeng'atwa. Hicho ndicho kikombe cha fundi. Sisi bilauri zetu ziko kabatini. Hakuna aliyewahi kusema kikombe kile ni cha nani, na hakuna aliyewahi kukosea. Hata watoto wadogo wakimpelekea maji walikwenda moja kwa moja msumarini. Nami nilikaa pale wiki tatu, mtu niliyehamishwa ghorofa kwa ajili ya rangi yangu, nikamtilia chai kwa mkono wangu katika kikombe kile kile.

Ukuta ulikwisha, fundi hakwisha. Mwaka huu kaleta barua ya posa, anamtaka mtoto wa dada yangu. Simu zikapigwa mpaka Leicester. Dini anayo, kazi anayo, tabia mtaa mzima unamshuhudia. Mama akatia neno moja tu: "Si kufu yake," yaani hawalingani. Nikamuuliza kwa lipi. "Mwanangu, tunamjua babu yake nani?"

Hapo ndipo hasa huo mchezo ulinipiga, na si mahali ambapo wengi hupasema. Wote wanakumbuka ile hotuba ya Myahudi kuuliza kama yeye hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Binti yangu alinisomea nyingine, ya mbele ya hakimu. Shylock anawaambia wakubwa wa Venisi: nyinyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa, mbona sikwambieni muwaache huru na muwaoze watoto wenu? Mtasema ni mali yenu. Basi na hii nyama ni mali yangu. Hakuna anayemjibu hoja ile. Wanaendelea na kesi kana kwamba mtu amekohoa tu.

Muwaoze watoto wenu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, na katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 inakataza kumbagua mtu kwa kabila au pahala alikotoka. Lakini swali la "babu yake nani" halikufungwa. Linakaa kwenye jamvi la posa, linavaa kanzu, linatia udi. Mama yangu huyo huyo ukimpigia Siti binti Saad anafumba macho. Siti, mtoto wa Fumba, wazazi wake wa utumwani, aliuza vyungu kabla ya kuimbia masultani na kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani. Wenye wivu walimtungia maneno wakimuuliza amekuwa mtu lini, maana mjini alikuja na kaniki. Mama anayajua maneno hayo kwa moyo, na anawalaani walioyatunga.

Nilimweleza binti yangu habari ya posa. Nilitaraji atamlaumu bibi yake. Yeye akafunua kurasa za mwanzo akanionesha Portia, yule tuliyekuwa tukimshangilia kwa kumshinda Shylock. Mwanamfalme wa Moroko amekuja kumposa, akaomba asichukiwe kwa rangi yake. Portia akamjibu kwa adabu zote. Mposaji hupimwa kwa kuchaguzwa sanduku; mwanamfalme alipokosea na kuondoka, Portia akashukuru, akaomba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo.

"Amemngoja atoke kwanza," binti yangu akasema.

Jumapili nilimpigia mama. Akaniuliza kama mjukuu wake amemaliza kitabu, na yule Myahudi kama alilipwa pesa zake. Nikamwambia hakulipwa, na dini yake pia walimlazimisha aiache. Akasema "Masikini," kwa huruma ya kweli. Kisha akaniambia fundi alikuja tena Ijumaa, na wazee wake wawili wametoka Tabora safari yote ile.

"Mliwapa chai?"

"Tuliwapa, na boflo."

Sikumuuliza ya vikombe.